Kila Kaunta Ina Mama Mkwe

Wanakwaya wenzangu, acheni kunipigia simu mmoja mmoja. Kila mtu anataka nianze mwanzo, na kila nikifika pale kwa Anko Simiyu na birika nacheka mpaka nakata simu. Nimeona niandike mara moja, msome wote, kisha Jumapili tuimbe kama watu wenye akili timamu.

Safari yenyewe mnaijua: tulikuwa tunaenda kisiwani Rusinga kumposea ndugu yangu Wanjala. Mchumba wake ni Akinyi, yule dada wa supamaketi anayepanga vitu vyako kwenye mfuko huku anakuuliza habari za nyumbani. Mama yake mzazi alifariki Akinyi akiwa mdogo, akalelewa na mama mdogo, na huyo ndiye tulikuwa tunaenda kumwomba. Kwa hivyo kwetu huyo ndiye mama mkwe.

Ndani ya pikapu tulikuwa watatu: Anko Simiyu kwenye usukani, Wanjala katikati amefungwa tai inayomnyonga, na mimi Nekesa dirishani. Nyuma kulikuwa na unga, sukari, soda zilizogongana njia nzima na jogoo aliyetuchukia tangu mwanzo.

Anko ni mdogo wake marehemu baba. Ndiye aliyekuwa msemaji wetu kwa sababu hatukuwa na mwingine, na hata tungekuwa na mwingine, Anko angeongea tu. Ana moyo mzuri jamani, shati lake atakuvulia. Lakini mweke mbele ya mtu anayemhudumia uone. Anapiga vidole. Anasonya. Anaita "sss!" kama anafukuza kuku kwenye mahindi. Mteja ni mfalme, ndivyo anavyosema, na mfalme haombi.

Mamboleo, mara mbili

Tulianza kwa kujaza mafuta pale Mamboleo. Mhudumu alikuwa mama mtu mzima, mvi zimechungulia chini ya kofia ya kazi. Anko akapiga honi ilhali mama amesimama hapo hapo dirishani.

"Wewe msichana! Umelala? Jaza hapo, haraka!"

Mama akajaza, akafuta kioo bila kuombwa, akatutakia safari njema. Anko akaondoka bila hata kugeuza shingo.

Tulipokaribia Kisian, Wanjala akakohoa. Ndugu yangu akikohoa hivyo ujue kuna jambo amelikalia.

"Anko, Akinyi aliniambia kitu jana. Mama yake mdogo anafanya kazi ya kuhudumia watu."

"Vizuri. Wapi?"

"Hakusema. Alisema tu ni katika njia hii hii, na kwamba tutapita mikononi mwake kabla hatujafika kwao. Anasema mama huyo haangalii mtu anavyokaa kwenye kiti cha wageni, maana hapo kila mtu ni malaika. Anaangalia unavyoongea na anayekuhudumia. Akisema hapana, ni hapana."

Pikapu ilisimama katikati ya barabara. Jogoo akapiga kelele, soda zikaitikia.

"Na mbona hukusema tangu Mamboleo?"

"Ulikuwa unapiga honi."

Anko akashika kichwa. "Yule wa mafuta! Ana mvi! Ana umri wa mama mkwe! Tumekwisha!"

Basi tukageuza. Haki ya Mungu, tulirudi mpaka Mamboleo. Yule mama alipoona pikapu yetu inaingia kwa kasi alirudi nyuma, ameshika bomba la mafuta mbele ya kifua kama ngao.

"Mzee, kuna shida? Mafuta nilijaza yote."

Anko alishuka, akavua kofia, akaiweka kifuani. "Hapana, mama. Nimerudi kukuambia kwamba mafuta yako ni mazuri sana."

"Mafuta?"

"Yanaenda vizuri kabisa. Gari limefurahi."

Nilijificha uso na leso. Anko akasogea, sauti ya asali. "Na mama ni mtu wa wapi?"

"Vihiga."

"Vihiga! Si Rusinga!" Anko alivaa kofia yake hapo hapo, uso umechanua, akapanda gari. Hata kwaheri hakutoa. Ni Wanjala aliyetoa kichwa dirishani akasema, "Asante mama, na pole kwa zile kelele za asubuhi." Yule mama akacheka, akapiga boneti mara moja kutuaga.

Ndori, samaki wa kujificha

Kuanzia hapo Anko alikuwa mtu mwingine. Kwa muuza ndizi alisema "shikamoo". Askari wa barabarani alimwita "mheshimiwa", yule askari akaanza kutushuku akakagua hadi jogoo. Lakini balaa lenyewe lilikuwa Ndori, tulipoingia hotelini kula.

Wanjala hakuwa ameweka kitu mdomoni tangu alfajiri kwa woga wa ukweni, na sasa njaa ilikuwa imemshika sawasawa. Aliyetupokea alikuwa mama mnene, mchangamfu, kitambaa begani.

"Karibuni wageni! Samaki iko, kuku iko, matumbo imeisha."

Tukaagiza samaki. Wamekuja wanameremeta, na ugali mkubwa unatoa moshi, na mboga ya sukuma. Wanjala alishamega tonge lake la kwanza, liko njiani, ndipo Anko akauliza swali lake.

"Mama ni mtu wa wapi?"

"Mimi? Mimi natoka Rusinga."

Tonge likasimama hewani.

Sasa nyinyi mnajua, kwetu Bungoma na kwa Wajaluo jambo hili ni moja: mkwe hali mbele ya mama mkwe. Ni aibu kubwa, kama kuvua nguo. Wanjala alisimama polepole, akainua sahani yake kwa mikono miwili, akatoka nje kinyumenyume, ameinamisha kichwa. Nilipochungulia dirishani alikuwa amechutama nyuma ya pikapu anakula samaki huku jogoo anamtazama.

"Eh!" mama akasema. "Huyo kijana, samaki yangu imemfanya nini?"

"Si samaki, mama," Anko akajibu haraka. "Samaki ni mtamu ajabu. Ni heshima." Akasimama, akaanza kukusanya vyombo vya meza ya jirani, watu wenyewe hawajamaliza kula. Mmoja alishikilia sahani yake, Anko akavuta, yule akavuta. Anko akamwachia, akatoa kitambaa cha mfukoni akapangusa meza, halafu akachungulia jikoni na kusema, "Mazingira ni safi sana, hongereni."

Nikaona mama anamnong'oneza mpishi. Mpishi akavaa kofia mbio, mwingine akafunika sufuria zote, mwingine akaanza kudeki. Walidhani sisi ni wakaguzi wa afya kutoka serikali ya kaunti! Wateja nao wakaanza kuangalia vyakula vyao kwa mashaka. Woi, hoteli ya watu ilikuwa inakaribia kufungwa kwa sababu ya heshima zetu.

Ikabidi nimshike mkono yule mama nimweleze yote, Akinyi na mama mdogo na kila kitu. Alinisikiliza mdomo wazi. Kisha akacheka, akakaa chini akacheka, akapiga kelele jikoni kwa Kijaluo na jikoni nzima ikacheka.

"Mimi nina wavulana tupu! Mkwe wa kiume nitatoa wapi?" Akajifuta machozi na kile kitambaa cha begani, akamgeukia Anko. "Sasa mzee, kwa vile mimi si mkwe wako, utaniita sss?"

Anko akamwangalia samaki wake.

"Basi leo niacheni tu niwe mama mkwe mpaka mmalize kula," mama akasema. "Imenipendeza sana."

Akatoka yeye mwenyewe kumwita Wanjala arudi mezani, akamwongezea ugali na mchuzi. Tukala, tukacheka.

Luanda Kotieno, simu ya spika

Tulifika ufukweni Luanda Kotieno tukiwa na haraka. Wakwe walikuwa wametuambia tufike mchana, na kuchelewa siku ya kwanza ni tusi. Feri tuliiona kwa macho, imesimama majini, watu juu yake wanatupungia. Lakini upepo ulikuwa umesukuma magugumaji yote ya ziwa, nadhani, mpaka pale gatini. Ungedhani ni shamba. Wanaume walikuwa ndani ya maji hadi kiunoni wanakata na kuvuta kwa kamba.

"Wazee, tulieni kidogo, hii kitu inatoka," alisema kijana wa tikiti.

"Asante, Ruoth," Anko akamjibu. Alimwita mfalme, kwa Kijaluo! Kijana akaangalia nyuma kuona nani anaitwa.

Tukangoja. Anko akasifu mahindi ya kuchemsha, akasifu chai, akasifu wamama waliokuwa wakianika dagaa wa omena kwa jinsi omena walivyonyooka. Alikwenda chooni, na nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mama wa pale, "Choo chako kina hewa nzuri." Mama wa choo alimkimbilia mwenzake kumweleza, nao wakawa wanamwangalia Anko kwa huruma, kama mgonjwa.

Lakini jua lilipanda, magugumaji yakabaki. Kila yakivutwa, upepo unaleta mengine. Nikaona shingo ya Anko inavimba. Upole ulikuwa umemjaa siku nzima na sasa ulitaka kupasuka. Akaanza kutembea huku na huku akitafuta mtu wa kumfokea, na kila akimtazama mtu anakumbuka kwamba huenda ndiye. Mwisho macho yake yakatua kwenye ukuta wa kibanda cha tikiti. Palikuwa pameandikwa namba kwa rangi nyekundu: maswali na malalamiko, piga simu.

"Hii sasa," Anko akasema, "hii haina uso."

"Anko, usipige," nikamwambia.

"Huyu yuko ofisini mahali, chini ya feni, anakunywa chai. Huyu si wa njiani."

Akapiga. Simu ya Anko ilianguka kwenye gunia la mahindi mwaka jana na tangu hapo haisikiki ila kwa spika. Kwa hivyo gati zima lilisikia.

"Habari ya mchana, karibu, nikusaidie nini?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, tulivu, imechoka kidogo.

Mungu wangu. Anko alimwaga yote ya tangu asubuhi. "Nikusaidie nini? Nikusaidie nini! Nyinyi mmezoea kukaa hapo mnanenepa na watu wanakauka juani! Unasikia, wewe msichana? Unajua mimi ni nani? Sisi ni watu wa maana! Tunaenda Rusinga kwa wakwe, tunangojwa, na wewe unaniuliza nini!"

"Pole sana, mzee. Ni magugumaji, upepo wa leo umekuwa mbaya. Watu wetu wako ndani ya maji wanatoa. Nawaomba subira kidogo."

"Subira mpe mumeo! Nitahakikisha umefutwa kazi! Jina lako nani?"

Wamama wa omena walikuwa wameacha kazi. Yule mama wa choo alitikisa kichwa. Wanaume walioko majini walisimama na kamba zao mkononi, wanatuangalia, na aibu iliyonishika siwezi kuwaelezea.

Ndipo Wanjala, huyu mpole wetu anayemwomba hata paka ampishe njia, akamnyang'anya Anko simu.

"Mama, tusamehe. Mzee wetu amekuwa mpole tangu asubuhi, hajazoea, sasa imemzidi. Makosa ya magugumaji si yako. Tutasubiri." Kisha akauliza lile swali ambalo marehemu mama yetu alikuwa akimwuliza kila anayebisha mlangoni, awe fundi, muuza maziwa au mtu aliyepotea njia. "Mama, lakini umekula?"

Nilidhani simu imekatika.

"Bado, mwanangu. Tangu asubuhi sijaweka kitu mdomoni. Leo nina shughuli mbili na hii simu hainiachi."

"Basi kula kwanza, mama. Sisi tupo."

"Haya," ile sauti ikasema, na sasa ilikuwa ndogo sana. "Haya, asante."

Wanjala akamrudishia Anko simu yake. "Ungekuwa unamwona usoni, Anko, ungemwambia yale?"

Anko akaenda akakaa kwenye kreti ya soda.

Majini

Feri ilifika hatimaye, tukavuka na pikapu yetu. Mngependa kivuko hicho: maji yanang'aa, upepo mtamu, ndege weupe wamesimama juu ya visiwa vya magugumaji wanasafiri bure. Mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka tena, maana nilimkumbuka Wanjala nyuma ya gari na sahani yake. Wanjala naye akaanza. Anko peke yake alikaa ameegemea chuma, anaangalia ng'ambo.

"Mama mkwe hatukumwona popote," akasema. "Labda leo hakwenda kazini."

"Labda," Wanjala akasema.

Rusinga, nyuma ya pazia

Kwa kina Akinyi tulipokelewa kwa vigelegele. Jogoo wetu, aliyetutukana tangu Mamboleo, alitulia mikononi mwa shangazi mmoja kana kwamba ndiko alikokuwa akienda siku zote. Tukakalishwa sebuleni. Wazee wao upande ule, sisi upande huu, na kwenye mlango wa chumba cha ndani pazia la maua. Tukaambiwa mama yuko huko nyuma ya pazia na wamama wenzake. Kwa heshima ya mkwe, ataongea akiwa huko.

Anko akasimama, akarekebisha koti, akaanza ile hotuba aliyoifanyia mazoezi mwezi mzima. "Sisi ni watu wa amani, tumetoka mbali, tumeona ua katika boma hili..."

"Karibuni sana," sauti ikasema kutoka nyuma ya pazia. "Poleni kwa magugumaji."

Jamani. Ile sauti tulivu, iliyochoka kidogo. Wanjala akafumba macho. Anko alibaki amesimama mdomo wazi, mkono mmoja hewani ukionyesha lile ua.

Akinyi, aliyekuwa ameketi karibu na pazia, akainamisha kichwa, mabega yanatikisika. Anacheka au analia, sikuweza kujua.

"Mzee," sauti ikaendelea, "mchana uliniuliza kama najua wewe ni nani. Nilijua. Ulisema unaenda Rusinga kwa wakwe, na leo wakwe ni hapa tu. Nilikuwa nimeshika simu ya feri mkono huu na mwiko mkono huu. Sasa na mimi nikuulize. Wewe ulijua mimi ni nani?"

"Hapana, mama," Anko akasema. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Sikujua."

"Na hata ningekuwa mwingine, asiye mkwe wa mtu?"

Anko akavua kofia. "Mama, hata ungekuwa mwingine, yale yalikuwa matusi. Nisamehe mimi. Kijana usimhesabie."

Nilisikia sufuria zinachemka nje. Nilimwangalia ndugu yangu, tai yake imekaa upande, na nikaomba moyoni kwa nguvu kuliko ninavyoomba kanisani, mnisamehe.

"Uliponitukana," mama akasema, "niliwaambia hawa wamama, hiki chakula tutakula wenyewe. Hakuna mtoto wangu anayeenda kwenye nyumba hiyo. Wamama wakasema sawa. Halafu akaja yule mwingine kwenye simu." Pazia likatikisika. "Hiyo simu nimeishika miaka mingi. Watu wananiuliza feri iko wapi, mzigo uko wapi, meneja yuko wapi. Akinyi, mwanangu, huyo kijana ni yeye?"

"Ni yeye, Mama."

"Basi mimi nimekubali. Lakini msemaji wao ana faini."

Vigelegele vililipuka, nikapiga na mimi mpaka koo likauma. Na faini yenyewe ndiyo hii iliyonifanya nikate simu zenu: Anko Simiyu ndiye atakayewahudumia wageni wote. Alipewa aproni yenye maua, birika la maji ya kunawa na beseni. Wazee wa Rusinga, nao wana vituko, nilikuwa nimeshawaeleza yote ya njiani. Alipoingia tu, mmoja akapiga vidole. "Sss! Wewe! Umelala? Maji hapa, haraka!" Mwingine akampigia honi kwa mdomo. Wa tatu akamwuliza, "Unajua mimi ni nani?" Na Anko, jasho linamtiririka, aproni imembana, anainama kwa kila mmoja: "Karibu, mteja. Pole kwa kungoja, mteja." Nilicheka mpaka nikatolewa nje.

Nilipotulia nikaenda kumtafuta Wanjala. Walikuwa wamempa nafasi kwenye nyumba ndogo ya upande, yeye na ndugu zake Akinyi, mbali na macho ya mama mkwe. Chakula kilikuwa kimejaa meza: samaki, kuku, ugali, mboga ya kienyeji. Wenzake wanakula. Yeye amekaa tu, mikono magotini.

"Mkwe, mbona huli?" mmoja akamwuliza. "Au unataka tukupeleke nyuma ya pikapu?"

Wakaangua kicheko. Wanjala akatabasamu, lakini hakugusa kitu. Anko naye alikuwa ameshafika na birika lake, akasimama mbele yake, akangoja. Hakumharakisha.

Kisha Akinyi akatokea mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu na anacheka.

"Mama amenituma kwako," akamwambia Wanjala. "Anasema nikwambie amekula."

Wanjala akanyoosha mikono juu ya beseni, na Anko akammiminia maji.